Tezi Moja, Maana Tatu: Uhakiki wa Istilahi za Saratani ya Thairoidi kwa Wagonjwa wa Graves

Sehemu hii inahakiki matumizi ya neno tezi katika kueleza suala moja la kitabibu: uwezekano wa mgonjwa wa Graves kupata saratani ya thairoidi. Hoja inayotetewa ni kwamba ushahidi kuhusu suala hilo hauwezi kuwasilishwa kwa usahihi katika Kiswahili iwapo neno moja litaendelea kubeba maana tatu, yaani kiungo chenyewe, uvimbe wa kiungo kizima, na kinundu kilichoota ndani yake.

Ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la Robert James Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, hutokea pale mfumo wa kinga unapotengeneza kingamwili zinazoichochea thairoidi kuzalisha homoni kupita kiasi. Mgonjwa hukonda, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na mara nyingi shingo huvimba. Kuhusu mtu wa namna hiyo, wasemaji wengi husema "ana tezi". Kauli hiyohiyo hutumika kwa uvimbe utokanao na upungufu wa madini joto, tatizo lililojulikana sana katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kwa kuwa ujumbe wa afya kuhusu chumvi yenye madini joto huhusisha tezi na upungufu, msikilizaji anaweza kudhani kwamba kila tezi hutibiwa kwa chumvi hiyo. Kwa mgonjwa wa Graves dhana hiyo ni potofu, kwani kiini cha maradhi yake ni uchochezi wala si upungufu.

Utata huu huongezeka inapotajwa saratani. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi hupatwa na saratani kwa nadra, kwa sababu wingi wa homoni zake hushusha homoni ya pituitari inayochochea seli za thairoidi. Filetti na wenzake (1988) waliitikisa dhana hiyo kwa kuonesha kwamba kingamwili za Graves zinaweza kuchochea tishu za saratani ya thairoidi. Belfiore na wenzake (1990), nchini Italia, waliripoti kwamba saratani hiyo huwa kali zaidi kwa wagonjwa wa Graves. Kinyume chake, Hales na wenzake (1992), nchini Australia, hawakuona kwamba Graves huzidisha ubaya wa matokeo. Mjadala huo, kwa hiyo, haumruhusu mwandishi wa Kiswahili kutamka kwa mkato kwamba "tezi huleta saratani" au kwamba "tezi huzuia saratani".

Aidha, viwango vinavyotajwa katika tafiti hutofautiana sana, kutoka chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya asilimia 10. Sababu mojawapo ni kwamba vingi hutokana na wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, na baadhi yao walipasuliwa kwa sababu tayari walikuwa na kinundu kilichotiliwa shaka. Sababu nyingine ni saratani ndogondogo zinazogunduliwa kwa bahati. Harach na wenzake (1985), walipochunguza thairoidi za maiti 101 nchini Finland, walikuta saratani za papilari zilizojificha katika takribani asilimia 36. Kadiri kiungo kinavyochunguzwa kwa makini, ndivyo saratani za aina hiyo zinavyoonekana. Msomaji hawezi kuzipima takwimu hizi bila kujua kama zinahusu kiungo, uvimbe au kinundu.

Istilahi "saratani ya tezi" haitatui tatizo. Mwili una tezi nyingi, na tezi dume, ambalo ni jina la kiungo, limekwisha kuwa jina la ugonjwa katika mazungumzo ya kila siku. Tasnifu hii inapendekeza thairoidi kwa kiungo, rovu kwa uvimbe wa kiungo kizima, na kinundu kwa uvimbe mdogo uliojitenga. Inaweza kupingwa kwamba thairoidi ni neno la kukopa na kwamba rovu, ingawa limo katika kamusi, halisikiki sana. Pingamizi la kwanza ni dhaifu: homoni na virusi ni maneno ya kukopa, na yamekubalika. La pili lina uzito. Hivyo, rovu linapotajwa mara ya kwanza lifafanuliwe kuwa ni uvimbe wa thairoidi nzima.

Faida ya mgawanyo huo huonekana katika ushauri anaopewa mgonjwa. Rovu la Graves lisilo na kinundu si dalili ya saratani kwa sababu tu shingo imevimba. Kinundu kikigunduliwa ndani ya rovu hilo, hakipaswi kupuuzwa kwa kisingizio kwamba chanzo cha uvimbe kimekwisha kujulikana. Kipimwe kwa ultrasaundi na, ikibidi, seli zake zichukuliwe kwa sindano. Neno tezi peke yake haliwezi kubeba maelekezo haya mawili kwa pamoja.