Mlango Ufungukao kwa Ndani: Seva ya Mchezo Katika Nyumba ya Kivinje

Wako watu wadhanio kwamba kusimika seva ya mchezo nyumbani ni kazi ya kuandika maagizo machache katika kompyuta na kungoja, na kwa kuwa maagizo yenyewe hayajazi hata ukurasa mmoja, huona ajabu mtu mzima akipoteza majuma matatu kwa jambo ambalo kijana wa sekondari angelimaliza kwa alasiri moja. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Baada ya kuifanya kazi hiyo katika nyumba yetu ya mawe huko Kilwa Kivinje, kwa ajili ya wapwa zangu wawili, mmoja akaaye nami na mwingine akaaye na mama yake Masoko, nimekiri kwamba kuiwasha seva ni kazi ya alasiri moja kweli; lakini kuiwezesha ifikiwe na mtu aliye nje ya kuta za nyumba ndiyo kadhia iliyokula siku zote zilizosalia.

Kwanza ieleweke seva ni nini. Mchezo wa watu wengi hauendi pasipo hakimu, maana kila mchezaji huona dunia ya mchezo kwa kioo chake, na vioo viwili havikubaliani daima. Katika Doom, mchezo uliotoka mwaka 1993, kompyuta za wachezaji zilipashana habari zenyewe kwa zenyewe, hata moja ikichelewa zote zilisimama kuingoja. Lakini Quake, uliotoka mwaka 1996, ulimweka hakimu mmoja katikati, wengine wote wakawa wateja wake. Hakimu huyo ndiye seva. Anapokea madai ya kila mchezaji, anayapima kwa kanuni, anayaandika daftarini, kisha anatangaza hukumu kwa wote. Seva maalumu ni hakimu asiyecheza: haichori picha, haihitaji kadi ya picha ya thamani kubwa, wala dunia yake haifungwi kwa sababu mwenye nyumba amekwenda kulala.

Wapwa zangu walitaka kujenga upya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo magofu juu ya jabali la Kilwa Kisiwani. Haja hiyo haikuwa ya kitoto. Mwaka 2018 mchezo wa Civilization VI, katika nyongeza yake iitwayo Rise and Fall, uliiweka Kilwa Kisiwani katika maajabu ambayo mchezaji aweza kuyajenga, na hivyo kijana wa ghaibu asiyepata kuiona pwani yetu akawa aijenga Kilwa kila wikiendi, ilhali wana wa Kilwa hawana pa kuijengea. Wengi wangechagua Minecraft, ambao seva yake huendeshwa kwa Java na hutoa hukumu mara 20 kwa sekunde. Lakini mchezo huo hununuliwa na kila mchezaji. Nikachagua Luanti, ulioanzishwa na Perttu Ahola wa Finland mwaka 2010 kwa jina la Minetest na kubadili jina mwaka 2024, kwa kuwa ni wa bure, huchezeka katika simu za Android, na seva yake yaridhika na mashine kuukuu, maana kwa kawaida hupiga duru moja kila milisekunde 90.

Katika mashine nilikosea mara ya kwanza. Nilitwaa kompyuta ya mezani iliyokuwa ikila wati 60, nikasahau kwamba seva hailali. Wati 60 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 43 na ushei. Na mtumiaji mdogo wa umeme, ili abaki katika bei nafuu, hapaswi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta moja, basi, ingekula zaidi ya nusu ya haki ya nyumba nzima, kabla ya taa, feni na jokofu kuomba fungu lao. Nikaiondoa, nikaweka kompyuta ya mpakato iliyovunjika kioo, ambayo hula wati 20 hivi, yaani uniti 14 na ushei kwa mwezi, na ambayo betri yake huvumilia umeme unapokatika. Seva haina haja ya kioo, na fundi aliyetaka kuinunua kwa ajili ya vipuri alinishangaa nilipokataa.

Aidha, nyumba ya pwani ina adui wawili. Wa kwanza ni hewa ya chumvi, ilayo vyuma kimyakimya, kwa hiyo mashine iliwekwa juu ya rafu mbali na dirisha lielekealo bahari, na feni yake hupanguswa kila mwezi. Wa pili ni ukuta wenyewe. Mawe ya matumbawe na chokaa, kwa unene ambao wazee waliupenda kwa ajili ya ubaridi, huyameza mawimbi ya Wi-Fi, hata simu iliyo chumba cha tatu hupata mawasiliano ya kukatikakatika. Nikapitisha waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva, nikaihamisha ruta ukumbini.

Kusimika programu kulikuwa sahali. Niliweka Linux, nikamwundia seva mtumiaji wake asiye na mamlaka juu ya mashine, ili mwizi akimpata asipate nyumba yote. Katika faili ya mipangilio niliandika jina la dunia, nikaiacha poti ya desturi, 30000, nikapunguza idadi ya wachezaji kutoka 15 hadi 4, nikakataza nywila tupu, na nikazuia seva isijitangaze katika orodha ya hadhara. Nikaiamuru ruta iipe mashine anwani moja isiyobadilika, 192.168.1.10, na nikaipanga seva ianze yenyewe kila mashine iwakapo. Mpwa akaingia kwa simu yake, na jibu la hakimu likamfikia kwa milisekunde 3. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba mchezo huo wa ndani haukula hata chembe ya bando, kwani maneno yalitoka simuni yakaenda kwenye ruta na kurudi, pasipo kuikanyaga intaneti.

Taabu ilianza tulipompigia simu yule wa Masoko. Nilikwisha kuiagiza ruta kwamba kila ujumbe utakaobisha poti 30000 upelekwe kwenye seva, kama vitabu vyote vifundishavyo, lakini kijana alibisha usiku kucha na hakuna kilichosikika. Nilimshuku yeye, nikaishuku simu yake, nikaishuku programu. Kumbe kosa lilikuwa mbele ya ruta, mahali nisipokuwa na amri. Anwani ya nje ya ruta yangu ilianza na 100.70, na anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za mawasiliano, ili wateja wengi wagawane anwani moja ya hadhara. Sababu ni hisabu tu: anwani za mfumo wa zamani zina biti 32, yaani hazizidi bilioni 4 na milioni 300, nazo ni chache kuliko watu wa dunia, sembuse vifaa vyao.

Asiyeelewa hali hiyo na alifikirie sanduku la posta la shule. Mwanafunzi akiandika barua kwenda ng'ambo na jibu likaja, karani hujua la nani, kwa kuwa aliiona barua ikitoka. Lakini ikija barua isiyotanguliwa na nyingine, yenye namba ya sanduku pekee, karani huiweka kando hata ioze. Ndivyo ilivyo nyumba iliyo nyuma ya anwani ya kugawana: mlango wake hufunguka kwa ndani tu. Waweza kwenda kokote, wala hakuna awezaye kukujia. Kwa mtu wa Kilwa jambo hili lina uchungu wake, maana heshima ya Kilwa ilijengwa juu ya kinyume chake: Ibn Battuta alifika Kisiwani mwaka 1331 kwa sababu bandari ilijulikana na watu ambao hawajapata kuiona, na kila nahodha alijua pepo za kumleta na za kumrudisha. Poti ya kompyuta na bandari vina jina moja kwa Kiingereza; ila bandari isiyofikika ni ufuo tu.

Tadbiri zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuiomba kampuni anwani ya hadhara, ambayo aghalabu hupewa wateja wa biashara kwa malipo yao. Ya pili ni anwani mpya za biti 128, zilizo nyingi kiasi cha kutohitaji kugawanwa. Lakini hizo hufaa pale ambapo pande zote mbili zinazo, na upande wetu mmoja haukuwa nazo. Ya tatu, niliyoichagua, ni kukodi kompyuta ndogo yenye anwani ya hadhara huko Johannesburg, kisha seva ya Kivinje itoke yenyewe na kuchimba handaki hadi kule kwa WireGuard, programu iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020. Handaki hilo hutuma salamu fupi kila sekunde 25, kusudi karani wa njiani asisahau kwamba mazungumzo yangalipo. Na hapa pana hadhari ya kisheria: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa ilani ya kuwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, na handaki la mchezo, kwa umbo lake, ni VPN kama nyingine. Anayetaka kuifuata njia hii na atimize wajibu huo kwanza.

Mlango ukafunguka, na gharama yake ikadhihiri. Nuru ndani ya kebo ya nyuzi huenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Masoko hadi Kivinje ni safari fupi, lakini neno la mpwa wangu lilikwenda Afrika Kusini kisha likarejea Kivinje, na hukumu ikarudi kwa njia ileile, masafa ya kilomita 12,000 kwa uchache. Milisekunde 60 zimekwisha kabla ya mnara wowote wa simu kudai zake. Tulipopima tulipata 170. Fauka ya hayo, urafiki wa vijana wawili wa wilaya moja ulikwisha kutegemea bahari: Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika kusini, Tanzania nzima ilipata dhiki ya intaneti, na msiba kama huo ukirudi, wa Masoko atatoka mchezoni ilhali wa Kivinje hatajua kuwa kuna lililotokea.

Hifadhi ya dunia nayo ilinifunza kwa adhabu. Nilinakili daftari la seva huku seva ikiandika, nikapata nakala iliyochanika. Siku hizi kila Alhamisi usiku seva husimamishwa, folda ya dunia hunakiliwa kwenye diski mbili, kisha seva huwashwa tena.

Husuni iliposimama hadi kiunoni yalizuka mashitaka. Katika jumba lile mlikuwa na birika la pembe nane, na katika dunia ya matofali ya mraba pembe nane hazipatikani ila kwa kukata ngazi ndogondogo za mshazari, kazi ya tofali kwa tofali ambamo wawili hao waligombea kila kona. Kila walipogombea tofali moja, hukumu ilimwendea aliye nyumbani. "Mjomba, seva yako inampendelea," wa Masoko alisema simuni, nami sikuweza kukanusha, kwa kuwa hakimu huhukumu kwa aliyetangulia kufika barazani, na wa milisekunde 3 humtangulia daima wa milisekunde 170. Nilikuwa nikitafuta mpangilio wa kuliponya jambo hilo walipolimaliza wenyewe. Wa Kivinje alipewa birika, penye kona za kugombewa. Wa Masoko akachukua ukuta mrefu uelekeao bahari, ambako hakuna wa kushindana naye, na tofali likichelewa huja likakaa palepale pake.