Njiti Sabini

Mtu amelowa miguu nusu ya kufika magotini, na baridi ni ile inayoua. Amechuma vijiti, amewasha moto chini ya msonobari, na moto umeshika vizuri. Ni hapo hapo mwandishi Jack London anaposimamisha kila kitu katika hadithi yake atusomee hesabu ya ule mti. Upepo haujavuma kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kila tawi limebeba theluji kadiri ya uwezo wake. Kila kijiti kilichochomolewa kiliutikisa mti kidogo, mtikisiko ambao mchumaji hakuuona. Sasa tawi moja la juu linamwaga mzigo wake juu ya matawi ya chini, nayo yanamwaga ya kwao, mpaka mti mzima unaishusha theluji juu ya moto na juu ya mtu. Moto umekufa.

Mwandishi mwingine angeleta tufani hapa, au angeupa mti kinyongo. London ameleta uzito na mtikisiko tu. Hakuna aliyemchukia yule mtu. Aliwasha chini ya mti kwa sababu vijiti vilikuwa karibu, na kwenda kuwasha mahali pa wazi kungemsumbua zaidi.

Hadithi hiyo, "To Build a Fire", ilitoka katika jarida la The Century mwezi Agosti 1908, London akiwa na miaka 32. Nchi anayoieleza aliijua kwa mwili wake. Mwaka 1897 alikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia dhahabu ya Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, na mwaka uliofuata alirudi bila dhahabu ya maana, akiwa ameugua kiseyeye. Lakini mtu wa hadithi yake hakuifuata njia hii kwa ajili ya dhahabu. Wenzake wamekwenda kambini kwa njia fupi. Yeye amezunguka ili aangalie kama magogo yataweza kutolewa kwenye visiwa vya mto Yukon baridi itakapopungua. Nakipenda sana kipengele hiki kidogo. Mtu huyu haangamizwi na tamaa kubwa wala ndoto ya utajiri. Anakufa akiwa kwenye shughuli, kama aliyepitia dukani kuuliza bei ya mabati.

Kipimo cha baridi siku ile ni nyuzi 75 za Farenhaiti chini ya sifuri, yaani karibu 59 chini ya sifuri kwa Selisiasi. Msomaji wa Tanga au Mombasa hana mahali pa kuiweka namba hiyo katika mwili wake. Msomaji wa New York naye hana, na London analijua hilo, ndiyo maana haitegemei namba peke yake. Anamfanya mtu wake ateme mate. Mate yanapasuka kwa mlio. Mtu anashangaa, anatema tena, na tena yanapasuka hewani kabla hayajafika chini. Anajua kwamba kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri mate hupasuka yakigusa theluji. Haya hayakusubiri kuigusa. Basi tumepewa kipimo tunachoweza kukisoma wote, hata sisi ambao theluji yetu iko juu ya Kilimanjaro na tunaitazama kwa mbali. Halafu kuna tumbaku. Anaitafuna akitembea, mate yake yanaganda kidevuni, ndevu za barafu zenye rangi ya kaharabu zinarefuka. Unaweza kudhani ni pambo la mwandishi, mpaka saa ya chakula inapofika na mtu anashindwa kuuma mkate kwa sababu barafu imeuziba mdomo.

Upimaji wa namna hii unanikumbusha mwandishi Émile Zola. Katika insha yake ya mwaka 1880 kuhusu riwaya ya majaribio, aliazima mbinu za Claude Bernard, bingwa wa fiziolojia. Alitaka mwandishi amweke binadamu katika mazingira fulani na kuchunguza yatakayotokea, kama mtu wa maabara. Zola nampenda, lakini mgodi wake katika riwaya ya Germinal una njaa na unameza watu. Maabara gani hiyo? London, ambaye hakujitangazia nadharia kubwa namna ile, ndiye aliyekaribia zaidi maabara yenyewe. Ana mtu mmoja, kiwango kimoja cha baridi, na saa. Saa tatu asubuhi anaiacha njia kuu. Saa sita na nusu mchana anafika panapogawanyika kijito, kama alivyokadiria. Saa kumi na mbili jioni atakuwa kambini. Hesabu zake zote ni sahihi. Hilo ndilo linalotisha.

Yuko pia mzee wa Sulphur Creek, aliyemwonya kwamba baridi ikipita nyuzi 50 chini ya sifuri mtu asisafiri peke yake. Sisi tutasema mara moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na kweli London aliwahi kuiandika hadithi ya namna hiyo. Mwaka 1902, katika The Youth's Companion, jarida la vijana, alitoa hadithi yenye jina lilelile. Mtu wake pale anaitwa Tom Vincent, hana mbwa, na anapona akiwa na fundisho lake. Miaka sita baadaye alirudi kazini. Akaliondoa jina, akaongeza mbwa, akamuua mtu. Methali haikugeuka kuwa ya uongo: mzee alisema kweli, na anayekufa anakiri hivyo. Lakini methali hudhani kwamba guu litaunga na mwenyewe atarudi kwa mkuu kuomba radhi. Katika hadithi ya 1908 nafasi hiyo haipo.

Mbwa ameingizwa kwa uangalifu mkubwa, na kulikuwa na sababu. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliwashutumu hadharani waandishi waliowasingizia wanyama mambo wasiyoyafanya, na London alitajwa. Alijibu katika jarida la Collier's mwezi Septemba 1908, lakini naona jibu bora lilikwisha kutoka mwezi uliotangulia. Mbwa huyu hampendi mtu, wala hamwonyi kwa huruma, anataka moto. Hana namba, ila silika yake inaijua baridi kuliko kipimajoto.

Kurasa ninazozirudia zaidi ni za njiti. Moto wa chini ya msonobari umekufa, vidole vimekufa ganzi, na ili ajue kama ameshika kitu mtu lazima atazame. Fungu la njiti linaanguka kwenye theluji. Analiokota kwa viganja viwili, analipeleka mdomoni, anatenga njiti moja kwa meno, anaikwaruza pajani. Inawaka, moshi unamwingia puani, anakohoa, njiti inaanguka. Basi anazibana zote katikati ya viganja na kuziwasha kwa pamoja, njiti 70, na anatambua kwa harufu kwamba nyama yake inaungua. Hakuna kitendo kilichorukwa. Kazi ambayo kila mmoja wetu huifanya gizani bila kufikiri imevunjwa vipande vyake vyote, na kila kipande kinadai nguvu ambayo mwili hauna. Sijui ukurasa mwingine unaoeleza vizuri hivi kwamba mikono ni maarifa.

Dosari ninayoiona ni moja. Mapema kabisa London anatuambia waziwazi kwamba tatizo la mtu huyu ni kukosa ubunifu wa fikra: anaona vitu, haoni maana yake. Wahakiki wengi wameishika aya hiyo kama ufunguo wa hadithi. Mimi ningeifuta. Mate yanayofuata mara baada yake yanatosha.