Tishu Tunaijua, Kitabu Je?

Juzi nilitoka kwenye uzinduzi wa kitabu hapa Nairobi nikiwa na kikadi chenye picha ya jalada. Kitabu chenyewe sikununua. Kilikuwa shilingi 1,500, na mwezi ulikuwa umefika kona. Kwenye matatu, mzee aliyeketi kando yangu akakiangalia kile kikadi, akauliza:

"Kijana, hiyo kitabu inasema nini?"

"Mwandishi aliachwa na bwanake, mzee, akawa anaandika usiku watoto wakilala. Halafu laptopu ikaibiwa, akaanza upya."

"Sijauliza mwandishi. Nimeuliza kitabu."

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimemsikiliza mwandishi kwa saa nzima. Watu waliuliza alichukua muda gani kuandika, huyo mhusika mkuu ni yeye ama si yeye, na familia yake ilisemaje. Maswali mazuri, majibu matamu, tukacheka, wengine wakalia. Lakini hakuna aliyefungua kitabu akatusomea hata ukurasa mmoja.

Usidhani ni ugonjwa wa waandishi wachanga. Muulize rafiki yako anayependa vitabu Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika nini akiwa Kamiti. Atakujibu chapchap: riwaya, kwenye karatasi ya chooni. Sasa muulize hiyo riwaya inahusu nini. Wengi watakwama hapo. Tishu tunaijua sote. Kitabu tumekiacha kwenye rafu.

Stori ya tishu ni ya kweli, na ni kubwa. Ngũgĩ alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda kuchezwa Kamĩrĩĩthũ, akawekwa kizuizini bila kesi hadi Desemba 1978. Humo ndani aliamua kuandika riwaya kwa Kikuyu. Askari jela waliupata mswada wakauchukua, kisha ukarudishwa. Kitabu kikatoka 1980 kwa jina Caitaani Mũtharaba-inĩ, na baadaye kikasomwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Mwandishi mwenyewe aliisimulia stori hiyo mara nyingi hadi alipofariki Mei 2025, na alikuwa na haki ya kuisimulia. Shida ni sisi tuliodhani tukishaisikia tumemaliza kazi.

Basi kitabu kinasema nini? Warĩĩnga, karani wa Nairobi, anafutwa kazi kwa sababu amemkataa bosi aliyemtaka kimapenzi. Mpenzi wake anamwacha. Mwenye nyumba anamtupia vitu nje. Anapanda matatu kwenda Ilmorog na watu asiowajua. Ndani kuna Wangarĩ, mama aliyesaidia vita vya uhuru, ambaye hana nauli. Dereva anataka kumshusha gizani, abiria wanachanga. Halafu stori zinaanza, kila mmoja na yake. Huko Ilmorog wanakuta shindano la wezi. Matajiri wanapanda jukwaani mmoja mmoja kujigamba nani ameiba vizuri zaidi, na mmoja wao ana mpango wa kuwauzia watu udongo na hewa kwenye mikebe. Niambie hiyo si Kenya unayoijua.

Ukishakisoma ndipo tishu inaanza kuwa na maana. Huyu ni mtu aliyefungiwa, aliyenyimwa hata kuongea na majirani wa kijiji alioigiza nao. Anaandika nini? Anaandika kitabu kilichojaa watu wanaoongea. Wanakatizana, wanaimba, wanatoa methali, wanapigiana hadithi katika gari lililobanana. Ile matatu ni kinyume cha seli. Hilo ndilo swali ningependa tuwaulize waandishi wetu wakishika maiki: kile kilichokupata kimebadilisha nini ndani ya kitabu? Kuniambia tu kwamba ulipata shida hakunisaidii kusoma.

Stori ya nyuma ya kitabu ina hatari nyingine: inakifanya kitabu kiwe kitakatifu. Nani atathubutu kulaumu riwaya iliyoandikwa jela? Lakini hotuba za wezi ni ndefu kweli, na ukifika ya tatu utakuwa umeelewa utani. Na Warĩĩnga, aliyeanza kama mtu mwenye njaa na aibu, kufikia mwisho, bastola mkononi, ananukia hotuba pia. Nakipenda kitabu hiki, na ndiyo sababu nataka tukibishanie. Huwezi kubishana na tishu.

Kuna waandishi wanaojua kuongea bila kukifunika kitabu. Abdulrazak Gurnah ameeleza mara kadhaa kilichomsukuma kuandika Paradise, iliyotoka 1994 na ambayo sasa tunayo kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Alirudi Zanzibar 1984 baada ya miaka mingi Uingereza, akamwona babake, mzee sasa, akitembea kwenda msikitini. Akajiuliza: huyu alipokuwa mtoto, wakoloni ndio wanaingia, aliionaje dunia yake ikigeuka? Basi. Hakuambii Yusuf ni nani, wala kwa nini kijana huyo aliyetolewa rehani kwa deni la babake anamaliza riwaya akikimbilia jeshi la Wajerumani. Amekupa mlango tu. Ukitaka kujua kilichomo, itabidi usome.

Hicho ndicho kipimo changu siku hizi. Mwandishi akimaliza kuongea, je, nimebaki na swali ambalo kitabu pekee kinaweza kulijibu? Kama sina, basi nimehudhuria sherehe tu.

Najua utaniuliza: sasa asiye na 1,500 afanye nini? Swali la haki. Sheria ya VAT ya 2013 iliviongezea vitabu kodi ya asilimia 16, na wengi wetu uzinduzi ndio maktaba yetu. Kwetu mazungumzo ya bure ndiyo kitabu chote tutakachopata. Ndiyo maana nalalamika. Tukipewa maisha ya mwandishi peke yake, tumenyimwa mara mbili.

Jibu tulishakuwa nalo. Katika Decolonising the Mind, ya 1986, Ngũgĩ anaeleza Caitaani ilivyosomwa ilipotoka. Familia zilikusanyika jioni, anayejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana wakati wa chakula cha mchana. Ilisomwa kwenye matatu, ilisomwa baa. Msomaji wa baa alikuwa mjanja: anafika penye utamu, anafunika kitabu, hadi wasikilizaji wamwongezee kinywaji. Nakala moja, masikio mengi, na mwandishi hayupo hata karibu.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaoandaa uzinduzi ni dogo: nusu ya muda, someni. Sauti iwe mbaya, maiki ikwame, sawa tu. Halafu mwandishi atuambie mambo ya laptopu.

Yule mzee alishuka kabla yangu. Nikikutana naye tena nitamjibu hivi: mzee, kuna msichana alifutwa kazi Nairobi, akapanda matatu kwenda Ilmorog. Na nitanyamaza hapo mpaka aulize kilichofuata.