Gramu Saba za Klorini

Dawa ya klorini ya asilimia 0.5, ile ya kusafishia sakafu na vitanda katika wadi za kutengea wagonjwa, hupatikana kwa kuyeyusha gramu 7 hivi za HTH, yaani klorini ya unga, ya asilimia 70 katika lita 1 ya maji. Hesabu hiyo si ngeni Kamituga, mji wa dhahabu mashariki mwa Kongo ambako kladi Ib ya mpox ilianza kujitokeza Septemba 2023, karibu mwaka mzima kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Sasa chukua gramu hizohizo 7, uziyeyushe katika lita 1,600. Utapata miligramu 3 za klorini kwa kila lita, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachotakiwa katika jakuzi ya nyumbani.

Naanzia hapo kwa sababu negosia, yaani mfanyabiashara wa dhahabu, anayetaka kujijengea jakuzi kama aliyoiona hotelini Bukavu au Dubai hatakosa klorini. Atakachokosa ni kipimo. HTH tumezoea kuikadiria kwa kijiko na kuihakiki kwa pua. Katika maji ya nyuzi 38 yaliyokaliwa na watu wanne, pua hudanganya: harufu ile kali hutoka kwenye kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Jakuzi inayonuka klorini mara nyingi ndiyo iliyoishiwa.

Ugumu unatokana na uchache wa maji. Watu 4 ndani ya lita 1,500 ni sawa na kuwasonga watu zaidi ya 6,000 katika bwawa la Olimpiki la lita milioni 2.5. Jasho, mafuta ya ngozi na manukato hula klorini haraka, na joto huongeza kasi. Halafu kuna mapovu, ambayo wauzaji huyasifu tu. Hewa inayopulizwa hufukuza kaboni dioksaidi iliyomo majini, pH ikapanda. HTH nayo husukuma upande huohuo. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika umbo linaloua vijidudu upesi. Ikifika 8, hubaki kama robo. Kwa hiyo unaweza kusoma miligramu 3 kwenye kijikaratasi cha kupimia huku ulinzi wako wa kweli haufiki hata 1. Soma klorini na pH kila mara kabla ya kuingia, na pH ikae kati ya 7.2 na 7.8.

Matokeo ya kupuuza hayo yalionekana Februari 1999 katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi. Jakuzi ziliwekwa zitazamwe na wanunuzi. Hazikuwa za kuoga. Maji yalikuwa na joto, mapovu yanarushwa, na bakteria wa Legionella wamo. Wapita njia walivuta ukungu wake. Zaidi ya watu 180 waliugua, na waliokufa huhesabiwa kuwa 32.

Legionella hustawi kati ya nyuzi 25 na 45, na hapo ndipo Kamituga inapoachana na vijitabu vya watengenezaji, vilivyoandikwa kwa nyumba zenye umeme usiku na mchana. Umeme ukikatika, pampu na kichujio husimama, klorini inaendelea kuisha, na maji yanabaki vuguvugu hadi asubuhi. Umeme ukirudi, usikimbilie mapovu. Zungusha maji kwanza, rekebisha pH, pandisha klorini hadi miligramu 10, ngoja ishuke hadi 5, ndipo uingie.

Maji ya kujazia yasitoke kwenye mto uliopita machimboni. Tope humlinda bakteria na kula klorini, na zebaki ya kukamatia dhahabu haiuawi na klorini, maana si kiumbe. Ya mvua ni afadhali, ila ni mepesi mno na pH yake huyumba. Bikaboneti ya soda huituliza.

Fundi wa saruji, akiachiwa, atatoboa tundu moja la kunyonyea maji, kama anavyofanya kwenye tangi. Mkatalie. Mwaka 2002 huko Virginia, Marekani, mjukuu wa aliyekuwa waziri James Baker, msichana wa miaka 7, alinaswa na mvuto wa tundu la jakuzi akafa majini; sheria ya vifuniko vya usalama ilitiwa saini mwaka 2007. Yatakiwa matundu mawili yaliyoachana, yote yakiwa na vifuniko vya kuba ambavyo mwili hauwezi kuviziba, na swichi ya kuzima pampu iwe karibu.

Joto lisizidi nyuzi 40. Mjamzito amwone daktari kwanza, mlevi asubiri kesho, mtoto mdogo akae nje. Mwenye vipele asiingie kabisa: maji yenye klorini si njia kuu ya mpox, lakini ngozi kwa ngozi na taulo la kushirikiana ni njia.

Na HTH ndiyo inayotiwa majini. Maji hayamwagwi juu yake. Ndoo yake iwe kavu, mbali na mafuta, mbali na vidonge vya klorini vya aina nyingine, na isiwekwe chumba kimoja na asidi ya kushushia pH, kwa kuwa vikigusana hutoa gesi ya klorini.