Karani wa Semboja

Vugha, mji wa wafalme wa Kikilindi wa Usambaa, si mbali na Soni ukitoka Lushoto, ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Kimweri ye Nyumbai alipofariki, miaka ya 1860, ukoo ukagombea urithi na mji ukachomwa moto. Hapakuwa na maktaba ya kuokoa. Historia ilikuwa vinywani mwa wazee, na wazee nao hufa.

Ndiyo maana namheshimu sana Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi. Alikuwa mtu wa pwani aliyepata ukarani kwa Semboja, mmoja wa wagombea urithi hao, kule Mazinde, chini ya milima, kwenye njia ya misafara. Semboja huyu ndiye aliyeongoza upande ulioichoma Vugha. Karani wake ndiye akaja kuandika habari za mji huo na wafalme wake.

Tazama anavyomsimulia Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi. Anazaliwa kigego, meno ya juu yametangulia, na mtoto wa namna hiyo hakutakiwa kuishi. Anapona, anakua, ndugu wanamnyima urithi, anaingia porini na mbwa wake kuwinda nguruwe. Akifika kwa wakulima huwapa nyama, nao humpa mazao ya shamba. Abdallah hasimami kueleza maana yake. Anawaacha watu waseme wenyewe, huyu akiuliza, yule akijibu, mpaka unahisi umekaa nao barazani. Kusikiliza kwa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kuandika. Na ndani ya nyama ile imehifadhiwa hoja nzima ya utawala: mgeni hakuiteka nchi, aliwalisha watu, akaua simba, wakamtawaza kwa hiari yao.

Hiyo ni hoja ya waliotawala, lazima tuseme. Mkulima aliyetoa kodi Vugha angeisimulia vingine, na huyo hakupata karani.

Kitabu kilihaririwa upya na J.W.T. Allen kikatoka 1962. Miaka michache baadaye mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman alizunguka Usambaa akiwahoji wazee, akachapisha utafiti wake 1974. Mbegha alikuwa angali midomoni mwa watu, na Feierman hakutafuta toleo moja lililo sahihi; alilinganisha masimulizi, akauliza kila moja lilimfaa nani. Nadhani Abdallah, aliyezoea kuwasikia wagombanao, angemwelewa upesi.