Pumzi na Uasili katika Tungo za Ala Nne za Kupulizwa

Yako maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa katika uhakiki wa muziki wa ala za kupulizwa. La kwanza ni nani aliyeutunga utungo. La pili ni kwa ala gani utungo huo uliwazwa. Jina la mtungaji mkubwa likiisha kuandikwa juu ya karatasi, wasikilizaji wengi huridhika, wala swali la pili haliulizwi tena. Walakini hilo la pili ndilo lenye uzito katika tungo za watu wanne, kwa kuwa utungo waweza kuwa wa bwana fulani kwa haki yote, na hata hivyo usiwe utungo wa fluti wala wa tromboni. Kama vile hadithi iliyofasiriwa iwezavyo kusomeka vizuri kwa Kiswahili pasipo kuwa imewazwa kwa Kiswahili.

Mfano ulio wazi ni wa Gioacchino Rossini. Kwa muda mrefu wapulizaji wamezipiga kwa jina lake tungo sita za fluti, klarineti, honi na fagoti. Tano katika hizo hazikutungwa kwa ala hizo. Chanzo chake ni sonata alizozitunga mwaka 1804, alipokuwa mtoto wa miaka 12, katika nyumba ya Agostino Triossi karibu na Ravenna, kwa fidla mbili, selo moja na besi kubwa moja. Aliyezihamisha kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye pumzi ni Frédéric Berr, mpiga klarineti stadi. Utungo wa sita peke yake, yaani Andante yenye dhamira na mageuzi yake, wa mwaka 1812, ndio ambao Rossini aliutunga tangu mwanzo kwa wapulizaji wanne.

Yamkini mtu atauliza: ikiwa noti ni zile zile, tofauti iko wapi? Tofauti iko katika upinde na kifua. Upinde wa fidla ukifika mwisho hurudi, na sauti ikaendelea bila kukatika kwa kadiri mpigaji apendavyo. Mpulizaji hana marejeo ya namna hiyo. Pumzi ikiisha, sharti anyamaze, ijapokuwa kwa nukta moja. Kwa hiyo katika utungo uliohamishwa, fagoti, ambayo ni jamaa ya zumari kwa kuwa hulia kwa matete mawili yaliyofungwa pamoja, hurithi sauti ya chini iliyokuwa ya besi kubwa, nayo ni sauti isiyojua kupumzika. Mpulizaji hulazimika kuiba pumzi mahali ambapo wimbo haukutaka kituo. Msikilizaji haoni kosa la mtu yeyote. Husikia tu haraka isiyo na sababu, kama msemaji anayevunja sentensi mahali pasipo na mkato.

Haifai kusema kwamba Berr aliharibu kazi. Alikuwa mpulizaji mwenyewe, na wapulizaji wenzake walipata kwake vitu vya kupiga vyenye uchangamfu na ucheshi wa Rossini kijana. Lawama, kama ipo, ni juu ya ukimya wa jalada lisilosema kwamba kazi imehamishwa. Ukimya huo una madhara. Wasikilizaji huyapima maungo ya ala kwa vazi lililoshonwa kwa mwili mwingine, wakahukumu kwamba ala za kupulizwa ni nyuzi zenye upungufu. Utungo wa 1812 wauvunja uamuzi huo. Dhamira yenye mageuzi ni umbo linalokubaliana na kifua, kwa sababu kila geuzo lina mwanzo na kikomo, na kikomo hicho ni pumziko la wimbo na la mpulizaji kwa pamoja.

Mwaka huo huo wa 1812, Ludwig van Beethoven alikuwa Linz, nchini Austria. Franz Xaver Glöggl, mkuu wa muziki wa kanisa kuu la mji huo, alimwomba atunge muziki kwa ajili ya Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba. Matokeo yake ni vipande vitatu vifupi vya tromboni nne, viitwavyo Equale, yaani muziki wa sauti zilizo sawa. Tromboni hulizwa kwa mtikisiko wa midomo, kama siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na siwa ya Lamu iliyofanyizwa kwa shaba. Uchaguzi wa ala hiyo haukuwa wa mapambo. Tarumbeta na honi za wakati ule hazikuwa bado na vali. Zilitoa hasa noti zile zinazotoka katika bomba kwa maumbile yake, ingawa mpiga honi aliweza kujiongezea nyingine kwa kuuziba mdomo wa ala kwa mkono. Tromboni ilikuwa na mrija wa kusukumwa na kuvutwa, na kwa hiyo noti zote zilikuwa wazi kwake. Beethoven hakuutumia uhuru huo kwa mbio. Aliandika mwendo wa polepole, sauti nne zikitembea bega kwa bega na kutua pamoja, na kila kituo ni mahali pa kuvuta pumzi.

Hapa lakini pana pingamizi ambalo mhakiki hana budi kulikabili. Beethoven alipozikwa Vienna tarehe 29 Machi 1827, viwili katika vipande hivyo vilisikika vikiwa vimetengenezwa na Ignaz von Seyfried ili viimbwe na wanaume kwa maneno ya Miserere. Basi navyo vilihamishwa, na hakuna aliyelalamika kwamba vimeumizwa. Je, uasili umepotea hapo? La. Sauti ya mwanadamu nayo huishi kwa pumzi. Kutoka tromboni hadi koo ni safari ya jirani kwa jirani. Pingamizi hilo haliiangushi hoja, bali linaisahihisha: kinachopimwa si kama utungo umewahi kuhamishwa, bali kama vituo vyake vinapatana na mwili wa yule anayeupiga.

Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakasema kwamba utungo wa asili ni ule tu usioweza kuhamishwa kabisa. Hoja yao hutegemea kazi kama ya Elliott Carter wa Marekani, iliyotimia mwaka 1950 kwa fluti, oboi, klarineti na fagoti, yenye mazoezi manane na fantasia moja. Zoezi la saba limejengwa kwa noti moja tu. Ala nne huipokezana, zikaingia na kutoka, zikakaza na kulegeza, na utungo wote ni tofauti ya rangi za sauti. Ukipigwa kwenye piano, hautabaki utungo. Ni kazi ya werevu mwingi, na inathibitisha kwamba pumzi yaweza kuwa maudhui na si chombo tu. Hata hivyo kuifanya kuwa kipimo cha kazi zote ni kupita kiasi. Shairi halipati ubora kwa sababu tu halifasiriki. Na Equale, zilizopokelewa na koo bila taabu, hazikosi mizizi kwa sababu hiyo.

Mtungaji wa tarbia huijua hali hii pasipo kufundishwa na Ulaya. Mizani yake si hesabu tupu. Kina cha kati na kina cha mwisho ni mahali ambapo mwimbaji hupumua, na mshororo usiompa nafasi hiyo utakuwa umetimia mizani na bado usiimbike. Kwa kipimo hicho hicho, zile tano za Berr zastahili kupigwa kwa jina lake na la Rossini pamoja, na ule wa sita usimame peke yake, usihesabiwe tena kuwa ndugu mdogo wa tano zisizokuwa za ukoo wake.