Kuirudisha Sauti Kinywani

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, kwenye nchi ya Wakipsigis, akawarekodi wasichana wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Kwa maelezo ya Tracey, waliomsikia walimdhania nusu mtu, nusu swala. Sioni ajabu. Sikio likipewa sauti isiyo na mwili, huitafutia mwili popote.

Leo fundi anayehariri video za harusi, za koito (sherehe ya posa) na za kwaya, kuanzia mashamba ya miwa ya Soin hadi chai ya Kericho na Bomet, ndiye anayehakikisha kila sauti imepata kinywa chake. Akifaulu, hakuna anayeona alichofanya. Mpiga picha anao wa kumsifu. Mimi nataka kumsifu huyu.

Kosa analopambana nalo ni dogo sana kwa kipimo cha saa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika mwongozo wake wa 1998, linaonyesha kwamba mtazamaji hugutuka sauti ikitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, ilhali ikichelewa hatambui hadi ifike karibu 125. Sababu unaweza kuiona Soin kila mtu anapopasua kuni ng'ambo ya bonde: shoka linatua, ndipo mlio unafika. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na mwanga haungoji. Tumekua tukisikia mlio unaochelewa. Mlio unaotangulia tendo lake haujatokea popote duniani, na video inayouleta hutukera kabla hatujajua kinachotukera.

Fundi mzuri haanzi kwa kusogeza kitu. Kwanza anajiridhisha kwamba kosa lipo kweli, maana kompyuta iliyochoka huruka picha inapocheza faili zito, na vipokea sauti vya bluetooth huichelewesha sauti ambayo kwenye faili iko sawa kabisa. Anachomeka vya waya, anasikiliza upya. Kisha anatazama mwanzo, katikati na mwisho wa klipu akiuliza: pengo ni lile lile, au linakua?

Likiwa lile lile, tiba ni nyepesi. Anatafuta herufi zinazofumba midomo, p, b na m, kama m ya salamu "Chamgei", anasimamisha picha pale midomo inapokutana, kisha anasogeza wimbi la sauti mpaka lioane nayo. Video ikiwa na fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, na mara nyingi fremu mbili tatu zinatosha. Kamera iliyosimama mita 40 kutoka kwa msemaji, ikitegemea maikrofoni yake yenyewe, tayari imechelewa kiasi hicho.

Pengo linalokua ndilo linalompima. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja. Mwanga ukipungua, simu huiacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, na idadi ya fremu kwa sekunde inashuka. Jua la mchana la Soin huisaidia simu kukaa karibu na fremu 30. Alasiri huko Kericho, ndani ya kanisa la mabati, mawingu yamejifunga na mvua ya mawe iko njiani, simu hiyo hiyo inayumba. Programu inayohesabu fremu bila kusoma wakati wa kila moja huzipanga kana kwamba zimetimia, na kwa kila fremu 30 zilizopungua picha inaitangulia sauti kwa sekunde nzima. Ukisogeza sauti hapo, utaponya dakika ya kwanza na kuiumiza ya kumi. Faili libadilishwe kwanza liwe na mwendo mmoja, kwa programu kama HandBrake, kabla ya kukatwa popote. Katika hilo sina mjadala na mtu.

Kinasa sauti kilichochomekwa kwenye miksa nacho kina saa yake, na kamera ina yake. Zikitofautiana kwa sehemu 20 tu katika milioni, saa moja ya hotuba inazaa pengo la milisekunde 72. Sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde inayochezwa kama ya 48,000 hujitangaza yenyewe, kwa kuwa inakwenda mbio na kupanda juu.

Video za kwaya katikati ya chai zina tatizo lao. Wimbo umesharekodiwa studio. Siku ya picha waimbaji hufuatisha spika. Aliye mita 20 kutoka kwenye spika anausikia umechelewa kwa milisekunde 58, basi na midomo yake inachelewa, hata kama faili halina dosari. Ukiiweka sawa safu ya mbele, ya nyuma inapotea. Hakuna kitufe cha kuponya hilo. Dawa ni kuiweka spika karibu na waimbaji, na fundi anayejua kuhariri huenda kulisimamia hilo shambani kabla kamera haijawashwa.

Kwenye koito, mzee anapobariki na watu wakamwitikia, sauti ikitangulia kwa nusu sekunde kiitikio kinasikika mzee bado anatamka. Ikiwa pengo linakua, fundi anayejali haivuti hotuba yote kwa mkupuo. Anaigawa baraka kwenye pumzi za mzee, pale midomo imefumba, na kukiweka sawa kila kipande peke yake. Kazi hiyo hula usiku, na mteja haongezi bei kwa jambo asilolijua. Wajukuu watakaoifungua video hiyo watamwona babu yao akitamka alichotamka, na watu wakimjibu alipomaliza.